Roger Taney: Wakili Aliyewaacha Huru Watumwa Wake, Jaji Aliyewafungia Mlango Wengine

Mmezoea kukuta hapa maisha ya watakatifu na wenye heri, watu ambao tukimaliza kusoma habari zao tunatamani kufanana nao. Leo tunawaletea maisha ya mtu wa namna nyingine. Alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, aliyedumu katika sala na sakramenti mpaka uzee wake. Alikuwa wakili hodari, mwanasiasa aliyefika mezani pa rais, na kwa miaka 28 alikuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Watumwa aliowarithi aliwaacha huru kwa hiari yake. Hata hivyo jina lake linakumbukwa kwa hukumu moja tu, iliyotamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi ile. Mtu huyo ni Roger Brooke Taney.

Tunaomba msomaji avumilie safari hii mpaka mwisho, kwa sababu maisha ya Taney yanatugusa sisi tunaojiandaa kwa upadre, na yanawagusa pia waamini walioko maofisini, mahakamani, shuleni na kwenye vikao vya vijiji na mitaa.

Kuzaliwa na malezi

Roger Taney alizaliwa tarehe 17 Machi 1777 katika Kaunti ya Calvert, jimbo la Maryland, kwenye shamba kubwa la tumbaku. Baba yake aliitwa Michael Taney na mama yake Monica Brooke. Familia zote mbili zilikuwa za Kikatoliki na za siku nyingi katika jimbo hilo, na kama ilivyokuwa kwa wenye mashamba wengi wa huko, mali yao ilisimama juu ya jasho la watumwa weusi.

Ili tumwelewe Taney, ni lazima tuelewe Maryland. Koloni hilo lilianzishwa mwaka 1634 na familia ya Kikatoliki, ya akina Calvert, likiwa mahali ambapo Wakatoliki wa Uingereza wangeweza kuishi bila kusumbuliwa. Mambo yaligeuka. Waprotestanti waliposhika utawala mwishoni mwa karne ya 17, Wakatoliki walianza kubanwa kidogo kidogo: wakakatazwa kuadhimisha Misa hadharani, wakanyimwa vyeo vya umma, na baadaye wakanyimwa hata kura. Misa zilisomwa ndani ya nyumba za watu, na wazazi wenye uwezo walipeleka watoto wao kusoma Ulaya. Vizuizi hivyo viliondolewa pale tu makoloni yalipojitangazia uhuru mwaka 1776. Taney alizaliwa mwaka uliofuata. Alikulia basi katika nyumba ya watu waliojua maana ya kuambiwa na sheria ya nchi kwamba wao si watu kamili mbele yake. Neno hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Roger alikuwa mtoto wa kiume wa pili, na kwa desturi ya wakati ule shamba lilikuwa la kaka yake mkubwa. Baba akaona huyu mdogo, ambaye afya yake haikuwa imara, apewe elimu ili ajitegemee. Akiwa na umri wa miaka 15 alipelekwa Chuo cha Dickinson huko Pennsylvania, akahitimu mwaka 1795 na kuchaguliwa na wenzake kutoa hotuba ya kuaga. Kisha akaenda Annapolis, mji mkuu wa Maryland, kujifunza sheria chini ya Jaji Jeremiah Chase. Siku hizo mwanafunzi wa sheria alikaa ofisini kwa jaji au wakili, akisoma vitabu vyake na kutazama anavyofanya kazi. Mwaka 1799 Taney alikubaliwa kuwa wakili.

Wakili wa Frederick

Mwaka 1799 huohuo alichaguliwa pia kuingia bunge la Maryland, lakini kipindi kilichofuata akashindwa. Ndipo mwaka 1801 alipohamia mji wa Frederick kufanya uwakili. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mgongo ulioinama kidogo na sauti isiyo na nguvu. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni alikiri kwamba alipoanza kusimama mahakamani magoti yalimtetemeka. Alishinda kwa njia nyingine: alijiandaa kuliko wenzake, alipanga hoja zake moja baada ya nyingine, na alizungumza kwa upole mpaka wazee wa baraza wakasahau kwamba anawashawishi.

Mwaka 1806 alimwoa Anne Key, dada wa rafiki yake Francis Scott Key, ambaye baadaye alitunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani. Anne hakuwa Mkatoliki, alikuwa wa Kanisa la Kiepiskopali, na alibaki hivyo. Walijaliwa mabinti sita waliokua, na ndoa yao ilidumu karibu miaka 50 kwa upendo na heshima. Waliomfahamu Taney wanasimulia kwamba alikuwa mtu wa sala, na kwamba alipokwenda kuungama hakutaka kupitishwa mbele kwa sababu ya cheo chake. Alisubiri zamu yake katika mstari pamoja na watu weusi waliotangulia kufika.

Tunayasema haya ili msomaji asidhani tunazungumzia mnafiki. Mwaka 1818 Taney alianza kuwaandikia hati za uhuru watumwa aliowarithi. Wale wazee ambao hawakuweza tena kufanya kazi aliwapa posho ya kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Hakulazimishwa na mtu, na majirani zake wengi wenye mali kama yake hawakufanya hivyo.

Mwaka 1819 alipata kesi iliyompa heshima kubwa. Mhubiri wa Kimethodisti aitwaye Jacob Gruber alikuwa amehubiri kwenye mkutano wa dini wa hadhara, mbele ya wazungu wengi na watumwa wengi, akaushutumu utumwa kuwa dhambi ya taifa. Akashtakiwa kwamba amewachochea watumwa waasi. Taney akakubali kumtetea. Aliwaambia wazee wa baraza kwamba mhubiri ana haki ya kusema lile analoliona ni kweli, tena akaenda mbali zaidi: akasema utumwa ni doa katika sura ya taifa, na kwamba kila mtu anayeipenda nchi yake anatazamia siku doa hilo litakapofutwa. Gruber akaachiliwa huru.

Kama Taney angefariki mwaka huo, leo huenda tungekuwa tunaandika habari zake kwa furaha tupu.

Njia ya siasa

Kuanzia mwaka 1816 hadi 1821 alikuwa katika Seneti ya jimbo la Maryland. Mwaka 1823 alihamia Baltimore, na mwaka 1827 akawa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Chama chake cha zamani cha Federalist kilikuwa kimekwisha nguvu, naye akajiunga na wafuasi wa Jenerali Andrew Jackson, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1828. Mwaka 1831 Jackson alimwita Washington kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani nzima.

Huko alijikuta katikati ya vita vya kisiasa juu ya Benki ya Marekani. Benki hiyo ilikuwa mali ya watu binafsi kwa sehemu kubwa, lakini ndiyo iliyotunza fedha za serikali. Jackson aliiona kuwa chombo cha matajiri cha kuwakandamiza wadogo. Bunge lilipopitisha sheria ya kuiongezea muda mwaka 1832, rais aliikataa, na Taney alikuwa mmoja wa waliomsaidia kuandika sababu za kukataa. Mwaka uliofuata Jackson alitaka fedha za serikali zisiwekwe tena katika benki hiyo. Waziri wa Fedha alipokataa kutoa amri hiyo, rais akamfukuza na kumweka Taney mahali pake. Taney akatoa amri bila kusita.

Seneti haikumsamehe. Mwaka 1834 ilikataa kumthibitisha kuwa Waziri wa Fedha, akawa mtu wa kwanza katika historia ya nchi ile kukataliwa namna hiyo baada ya kuteuliwa katika baraza la mawaziri. Mwanzoni mwa mwaka 1835 Jackson alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na Seneti ikaahirisha jambo hilo bila kikomo. Kisha Jaji Mkuu John Marshall, aliyekuwa kwenye kiti kile kwa miaka 34, akafariki Julai 1835. Jackson akamteua Taney kushika nafasi hiyo, na Seneti ambayo sasa ilikuwa na watu wengine ikamthibitisha tarehe 15 Machi 1836 kwa kura 29 dhidi ya 15. Mtoto wa watu waliokatazwa kupiga kura kwa sababu ya Misa sasa alikuwa Jaji Mkuu, Mkatoliki wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo.

Lakini kuna jambo la mwaka 1832 ambalo hatuwezi kuliruka. Jimbo la South Carolina lilikuwa na sheria ya kuwaweka kizuizini mabaharia weusi waliotia nanga bandarini kwake, hata kama ni watu huru na raia wa nchi nyingine. Uingereza ikalalamika. Taney, akiwa Mwanasheria Mkuu, aliandika maoni kwamba jimbo lina haki hiyo, na kwamba watu weusi, hata walio huru, hawakuhesabiwa kati ya wale ambao Katiba ilitungwa kwa ajili yao. Maoni hayo hayakuchapishwa wakati ule. Mbegu ilikuwa imekwisha kuingia ardhini.

Jaji Mkuu

Kwa miaka 20 ya kwanza Taney alisifiwa hata na waliompinga alipoteuliwa. Mwaka 1837 aliandika hukumu ya kesi ya daraja la Mto Charles huko Boston. Kampuni iliyojenga daraja la zamani ilidai kwamba kibali chake kinazuia daraja jingine kujengwa jirani. Taney alisema kibali cha kampuni kisipanuliwe kuliko maneno yake yalivyo, kwa sababu mali ya mtu binafsi inalindwa, lakini jamii nayo ina haki zake. Mwaka 1841 alikuwa upande wa majaji wengi waliowaachilia huru Waafrika wa meli ya Amistad, waliokuwa wametekwa kinyume cha sheria na kupelekwa Cuba.

Wakati huohuo suala la utumwa lilizidi kuwasha moto nchini, na Kanisa halikuwa nje ya moto huo. Mwaka 1838 Wayesuiti wa Maryland, jimbo la Taney mwenyewe, waliuza watu 272 waliokuwa watumwa wao, na sehemu ya fedha ikatumika kukinusuru chuo cha Georgetown kilichokuwa na madeni. Tarehe 3 Desemba 1839 Papa Gregori XVI alitoa barua ya kitume akilaani biashara ya watumwa na kukataza mwamini yeyote, padre au mlei, kuitetea. Wakatoliki wengi wa Marekani waliisoma barua hiyo wakasema inahusu meli za kuvusha watumwa baharini tu, na mashamba yao haiyagusi. Hivyo basi tunapomnyoshea kidole Taney, tusisahau kwamba alikaa katika kanisa lililojaa watu waliojua kujitafutia upenyo.

Mwaka 1855 alipata msiba mzito. Katika majira ya homa ya manjano huko pwani ya Virginia alifiwa na mkewe Anne na binti yao mdogo Alice. Taney alikuwa na umri wa miaka 78. Alirudi kazini akiwa mpweke, mgonjwa, na mwenye uchungu juu ya mambo ya nchi. Kesi iliyombeba jina lake milele ilikuwa imekwisha kufika mlangoni.

Dred na Harriet Scott

Dred Scott alizaliwa utumwani Virginia, karibu na mwaka 1800. Mabwana zake wa kwanza, familia ya Blow, walihamia St. Louis katika jimbo la Missouri na kumuuza kwa daktari wa jeshi, John Emerson. Daktari huyo alipohamishwa kikazi alikwenda naye kwanza Illinois, jimbo lisiloruhusu utumwa, kisha katika ngome ya Snelling, kaskazini kabisa, katika eneo ambalo sheria ya Bunge ya mwaka 1820 ilikataza utumwa. Huko Dred alimwoa Harriet Robinson, nao wakapata mabinti wawili, Eliza na Lizzie.

Baada ya kurudi Missouri, na daktari akiwa amefariki, Dred na Harriet walifungua kesi kila mmoja tarehe 6 Aprili 1846. Hoja yao ilikuwa rahisi: tumeishi miaka mingi mahali ambapo hakuna utumwa, kwa hiyo sisi ni huru. Mahakama za Missouri zilikuwa zimekwisha kukubali hoja kama hiyo mara nyingi. Mwaka 1850 wakashinda. Mwaka 1852 Mahakama Kuu ya jimbo ikageuza hukumu hiyo na kuachana na msimamo wake wenyewe wa miaka ya nyuma. Kesi ikaingia mahakama za taifa, mdaiwa sasa akiwa John Sanford wa New York, shemeji wa yule daktari marehemu, mpaka ikafika Washington. Wakili Montgomery Blair alikubali kuwatetea.

Majaji walikuwa tisa, watano kati yao wakitoka majimbo ya watumwa. Wangeweza kuimaliza kesi kwa maneno machache, kwa kusema tu kwamba hali ya Scott ni jambo la sheria za Missouri. Ndivyo walivyokusudia mwanzoni. Kisha wakashawishika kwamba mahakama inaweza kukata kwa upanga mmoja ugomvi ambao wanasiasa walishindwa kuumaliza. Rais mteule James Buchanan mwenyewe alikuwa akiandikiana barua na baadhi ya majaji, akiwahimiza.

Tarehe 6 Machi 1857, siku mbili baada ya Buchanan kuapishwa, Taney, akikaribia miaka 80, alisoma hukumu kwa muda wa saa mbili hivi, kwa sauti iliyofifia. Alisema mambo mawili makubwa. La kwanza, mtu mweusi ambaye wazazi wake waliletwa kama watumwa, awe mtumwa au huru, si raia wa Marekani na hawezi kuwa raia, kwa hiyo hana haki ya kushtaki katika mahakama ya taifa. Akadai kwamba walioandika Katiba waliwahesabu watu weusi kuwa wa daraja la chini kabisa, wasio na haki yoyote ambayo mzungu amefungwa kuiheshimu. La pili, Bunge halina mamlaka ya kuukataza utumwa katika maeneo mapya ya nchi, kwa kuwa mtumwa ni mali, na Katiba inalinda mali. Majaji saba waliafiki matokeo hayo, wawili wakapinga.

Mmoja wa waliopinga, Benjamin Curtis, alijibu kwa historia. Alionyesha kwamba taifa lilipoanza, watu weusi walio huru walikuwa wapiga kura katika majimbo matano. Walikuwa sehemu ya wananchi waliojipatia Katiba, basi itasemwaje kwamba haikutungwa kwa ajili yao? Curtis alijiuzulu mwaka huohuo.

Ndugu msomaji, hebu tukumbuke sasa lile neno la mwanzo. Babu zake Taney walifungiwa mlango wa kura na wa vyeo, wakaambiwa wao si wa kuaminiwa kama wengine. Mlango huo ulifunguliwa mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa, akaupita mpaka akafika kiti cha juu kabisa. Na kutoka kwenye kiti hicho akaufunga kwa watu wengine, akaweka na komeo. Yeye aliyesema mwaka 1819 kwamba utumwa ni doa, miaka 38 baadaye aliandika kwamba doa hilo limo ndani ya Katiba na haligusiki.

Kwa nini? Wanahistoria wametoa sababu nyingi: mapenzi yake kwa Kusini alikozaliwa, hasira dhidi ya watu wa Kaskazini waliopinga utumwa, hofu kwamba nchi itavunjika, uzee na msiba. Sisi tunadhani sababu moja ni rahisi zaidi na ya hatari zaidi. Taney aliuona wema kuwa jambo la nyumbani kwake. Kumwacha huru mtumwa ilikuwa hisani ya bwana, naye alikuwa bwana mwenye hisani. Kukiri kwamba mtumwa huyo anaudai uhuru kama haki yake, na kwamba anaweza kusimama mahakamani kumdai bwana, hilo hakuweza kulivumilia. Alitoa sadaka mahali palipohitaji haki.

Siku za mwisho

Hukumu iliyotarajiwa kuzima moto ikawa mafuta. Huko Illinois wakili mmoja, Abraham Lincoln, alisimama Springfield Juni 1857 kuichambua na kuipinga, na mwaka uliofuata akaijadili mbele ya umati mji hata mji akishindana na Seneta Stephen Douglas. Tarehe 4 Machi 1861 Lincoln aliweka mkono juu ya Biblia kuapa kuwa rais, na aliyemwapisha alikuwa Taney. Alikuwa rais wa saba na wa mwisho kuapishwa naye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Taney hakujiuzulu kwenda Kusini. Mei 1861 jeshi lilimkamata John Merryman, mtu wa Maryland, na kumfungia ngomeni bila mashtaka. Taney akaamuru aletwe mahakamani. Mkuu wa ngome akakataa. Mzee yule akaandika kwamba rais hana mamlaka peke yake ya kuondoa haki ya mtu aliyefungwa kufikishwa mbele ya jaji. Wanasheria wengi mpaka leo wanaona kwamba hapo alisema kweli. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini wakati huo hakuna aliyetaka kumsikiliza, kwa sababu sauti iliyodai haki ya Merryman ndiyo iliyomnyima Dred Scott.

Roger Taney alifariki Washington tarehe 12 Oktoba 1864, akiwa na umri wa miaka 87, akiacha mali kidogo sana. Siku hiyohiyo watu wa Maryland walikuwa wakipiga kura juu ya katiba mpya ya jimbo lao. Kura zilipohesabiwa, katiba ilipita, na kuanzia tarehe 1 Novemba utumwa ulikoma katika jimbo alilozaliwa. Lincoln alihudhuria ibada fupi ya kumwaga Washington, kisha mwili ukapelekwa Frederick kwa Misa, ukazikwa kando ya mama yake Monica kama alivyoomba. Mwaka 1865 marekebisho ya Katiba yaliufuta utumwa nchini kote, na mwaka 1868 marekebisho mengine yakatamka kwamba kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Hukumu ya Taney ilifutwa kwa wino wa Katiba ileile aliyodai anailinda.

Na Dred Scott? Miezi michache tu baada ya hukumu, tarehe 26 Mei 1857, yeye na familia yake waliachwa huru na Taylor Blow, mtoto wa bwana wake wa kwanza, aliyekuwa amekabidhiwa familia hiyo kwa kusudi hilo. Aliuonja uhuru kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, akafariki kwa kifua kikuu Septemba 1858. Mwaka 1867 Blow, aliyekuwa Mkatoliki, aliuhamisha mwili wake katika makaburi ya Kikatoliki ya Calvary huko St. Louis. Kaburi lilikaa bila jiwe mpaka mwaka 1957. Leo wageni huweka juu ya jiwe hilo sarafu ndogo za senti moja zenye sura ya Lincoln. Sanamu ya Taney iliyosimama Annapolis tangu mwaka 1872 iliondolewa mwaka 2017. Mwaka huohuo, wazao wa Taney na wazao wa Scott walikutana pale, na mmoja wa ukoo wa Taney akaomba msamaha hadharani. Wakapokea.

Tunajifunza nini?

Sisi waseminari tunafundishwa kuchunguza dhamiri kila jioni. Mara nyingi tunajiuliza tumemtendea nani vibaya, tumesema uongo gani, tumekosa sala gani. Maisha ya Taney yanatuongezea swali: kwa maamuzi yangu, kwa sahihi yangu, kwa kura yangu katika kikao, nimemfungia nani mlango? Padre anaweza kuwa mpole kwenye kiti cha maungamo na akawa mkali kwa maskini katika taratibu za parokia. Mwamini anaweza kumlipia karo mtoto wa mtumishi wake wa nyumbani na wakati huohuo akamnyima mtumishi huyo mshahara wake halali. Watu wanaweza kutusifu kwa huruma, na Mungu bado akatudai haki.

Taney alisubiri zamu yake nyuma ya watu weusi mbele ya kiti cha maungamo. Hapo aliwaona kuwa ndugu. Alipovaa joho na kuketi kwenye kiti cha hukumu, aliwaona kuwa mali. Kati ya viti hivyo viwili kulikuwa na umbali ambao hakuwahi kuuvuka. Hatujui Mungu alimhukumu vipi, na si kazi yetu kujua. Tunamwachia Yeye ambaye mbele yake mzee wa Maryland na mtumwa wa Missouri ni wanawe wote wawili. Kazi yetu ni kuupima umbali huo ndani ya maisha yetu, na kuanza kuuvuka mapema, wakati bado tuna nguvu.